Mwaka wa bustani ya Pwani huanza mvua zikikatika

Machi ikifika, wingu la kwanza la masika likitanda juu ya bahari, mtaani kwetu Kigamboni kila mtu anakumbuka jembe. Maduka ya pembejeo yanajaa watu, pakiti za mbegu za nyanya, hoho na karoti zinatoka kwa kasi, na kila mwenye kipande cha ua anachimba tuta. Nawaelewa kabisa. Mvua inaamsha hamu ya kupanda hata kwa mtu ambaye mwaka mzima hajainama shambani. Lakini miaka niliyolima bustani ya nyumbani hapa Pwani imenipa msimamo ambao namwambia kila anayeniuliza: kwa mboga nyingi za bustani, masika si mwanzo wa mwaka. Mwaka unaanza masika yakikatika.

Aliyenipa wazo hilo ni bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Rufiji. Nilimkuta Aprili moja anakata mbegu za matembele huku matuta yake mengine yako matupu. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona nyanya hapandi na maji ya bure yapo. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, maji haya yaache yapite kwanza. Kwetu mto ukijaa tunatulia, mto ukirudi ndiyo tunapanda mlao. Hapo udongo umeshiba na jua halina hasira."

Watu wa Bonde la Rufiji wamelima mlao kwa vizazi. Mafuriko ya masika yakiondoka, wanapanda mahindi, kunde na mboga kwenye ardhi ambayo maji yameiachia unyevu na tope lenye rutuba, na mazao yanakua wakati mvua zimeshapita. Mchanga wetu wa Kigamboni haupati tope la mto, ila hesabu ya wakati ni ileile.

Aprili ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Dar es Salaam. Mvua ile haiishii kunywesha mimea. Inapiga udongo, inafukua mbegu ndogo, inasomba mbolea kwenda chini ambako mizizi ya mboga haifiki, na inaacha majani yamelowa usiku na mchana. Majani yaliyolowa saa nyingi ndiyo mlango wa ukungu. Nyanya iliyokuwa kwenye maua katikati ya Aprili inashikwa na bakajani: madoa ya kahawia yanaanza majani ya chini, wiki haiishi yamefika juu, na tunda linaoza likiwa bichi. Unaweza kupiga dawa ya ukungu asubuhi, mvua ya jioni ikaiosha yote. Mkulima wa kuuza ana hesabu zake, maana nyanya ikiadimika bei inapanda. Mimi nalima kwa mapenzi na kwa ajili ya sufuria ya nyumbani, na sioni sababu ya kupiga dawa kila baada ya siku chache mboga ambazo wanangu wanazichuma na kuzila palepale wamesimama.

Masika hayo hayana maana ya kukaa bure lakini. Ndiyo wakati wa matembele kuliko mwingine wowote. Nakata mashina yenye vifundo vitatu au vinne, nafukia vifundo viwili, na kinachobaki mvua inafanya yenyewe. Baada ya mwezi na kidogo tunaanza kuchuma ncha. Majani ya maboga yanatambaa hadi kwenye uzio. Vijiti vya muhogo kwa ajili ya kisamvu naviweka kando ya ukuta, na mlonge unashika hata ukichomeka tawi tu. Ni wakati pia wa kuhamishia ardhini miche ya miti: mlimao, mchungwa, mkomamanga. Mti uliopandwa Aprili unapata miezi ya kutosha kushusha mizizi kabla jua la Januari halijaufikia.

Mpapai ndio mti wa kuuangalia. Mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama, kwa hiyo naupanda juu ya kilima kidogo cha udongo, mbali na mkondo wa maji ya bati. Tangu Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024 na boti za Zanzibar zikasimamishwa, kila mpapai wangu uliozaa una nguzo mbili za kuuegemeza. Shina la mpapai halina mbao ndani. Likibeba matunda na udongo ukalainika, halihitaji kimbunga kuanguka.

Na konokono. Wale wakubwa wa Pwani, wenye nyumba ndefu ya kahawia, wanatoka jioni baada ya mvua na kutafuna mche wote hadi shina. Majivu yanasaidia yakiwa makavu tu, na masika hakuna kikavu. Chumvi usiiguse, unaharibu udongo wako mwenyewe. Dawa ni tochi na ndoo, kila jioni, mpaka wapungue. Wenye bata wana raha.

Sasa tuje Mei, mwezi ninaoupenda. Tarehe sizishiki, naangalia anga. Mvua ikianza kuruka siku mbili tatu, upepo ukageuka kusi na usiku ukahitaji shuka, naandaa kitalu. Udongo wa kitalu ni mboji iliyochekechwa na udongo wa juu, nusu kwa nusu, umeinuliwa kiganja kimoja kutoka chini ili mvua ya mwisho isiutuamie. Nachora mistari kwa kijiti, kina chake nusu ya kucha, naweka mbegu za nyanya mojamoja, nafukia kidogo na kutandaza nyasi kavu juu. Zinachukua siku tano hadi saba. Siku unayoona shingo nyeupe za kwanza zimepinda chini ya nyasi, nyasi ziondoke jioni hiyohiyo. Ukichelewa hata siku mbili, miche inarefuka kutafuta mwanga, inakuwa myembamba kama uzi na haipati nguvu tena.

Juu ya kitalu kunakuwa na kichanja cha makuti, kimo cha kiuno. Kila baada ya siku chache navuta kuti moja, jua liongezeke polepole, na wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha hakuna kuti lililobaki na maji nimepunguza. Mche uliozoeshwa hivyo ukipandwa haulegei hata siku moja. Nahamisha ukiwa na majani manne au matano halisi, jioni, mche na udongo wake, nafasi ya sentimita 50 au 60 kutoka mche hadi mche. Wengine wanabana ili waingize mingi. Nyanya iliyobanwa haipitishi upepo, na ukungu tuliokimbia Aprili unatufuata Juni.

Mbegu ninazozipenda ni Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 na watafiti wa Tengeru, Arusha. Si chotara, kwa hiyo naweza kuhifadhi mbegu zake mwenyewe na mwakani zikatoa nyanya zilezile. Ganda lake ni gumu kiasi na linavumilia. Chotara za kisasa zina mavuno makubwa, sikatai, ila kila msimu unarudi dukani, na pakiti moja ina bei.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndipo bustani ya Dar inapofanana na ile unayoota. Usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 18 au 19. Maua ya nyanya yanashika tunda badala ya kudondoka, jambo ambalo Februari haliwezekani kirahisi, kwa sababu usiku wenyewe unakaribia nyuzi 25 na chavua inashindwa kufanya kazi yake. Giligilani, ambayo miezi mingine inakimbilia kutoa maua kabla hujaionja, inatulia na kuachia majani. Chainizi inapanuka. Figiri, spinachi, karoti fupi, hoho, vyote vinaingia kwenye miezi hii mitatu. Kabichi nimewaachia watu wa Lushoto. Milima ya Usambara ina baridi ya kufunga kichwa cha kabichi, sisi hatuna, na sioni fahari ya kulazimisha.

Tatizo la kipupwe ni upepo. Kusi inavuma kavu kutoka baharini, inakausha tuta la juu huku ukidhani bado lina unyevu. Upande wa kusini wa bustani yangu kuna safu ya mchaichai, nyuma yake mlonge ninaoukatia chini mara kwa mara ili utoe matawi mengi. Upepo unapita umepungua nguvu, chai ina harufu, na majani ya mlonge yanaliwa. Maji nayaweka shinani, asubuhi, kwa kopo, wala si kwa kunyunyiza juu ya majani.

Ukiona kitako cha nyanya kimeingia ndani na kuwa cheusi, usikimbilie dawa, hakuna mdudu hapo. Ni mmea umekosa kalisiamu ndani ya tunda, na mara nyingi kalisiamu ipo ardhini ila maji yamekuja kwa kushtukiza: siku tatu hakuna, ya nne ndoo nzima. Matandazo mazito na maji ya kila siku kwa kipimo kilekile vinaondoa tatizo hilo kwa matunda yanayofuata. Yaliyokwisha kuharibika yatoe.

Mdudu anayenisumbua kweli ni kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini, na aliingia Tanzania mwaka 2014. Kila Juni na Julai nakagua mistari ya nyanya asubuhi kabla ya kwenda kazini. Geuza jani ulielekeze kwenye jua: utaona kidirisha cheupe kati ya ngozi ya juu na ya chini, na ndani yake kiwavi mdogo wa kijani na vichembe vyeusi vya kinyesi chake. Akiwa humo ndani ya jani, dawa nyingi za kupiga juu hazimfikii. Nachuma jani lote, naliweka kwenye ndoo yenye mfuniko, nalichoma. Usilitupe kwenye mboji, atatoka kipepeo. Jioni naweka beseni la maji ya sabuni na taa juu yake katikati ya matuta. Asubuhi vipepeo wamelala ndani. Kwa bustani ya mashina ishirini thelathini njia hii inatosha ukianza mapema na usiruke siku. Kwa vidukari na nzi weupe natumia mwarobaini: majani yaliyopondwa, yamelala usiku kucha kwenye maji, yamechujwa na kuongezwa sabuni kidogo ya kipande, yanapigwa jioni chini ya majani.

Udongo ndio unaonichukulia muda mwingi kuliko mmea wowote. Kigamboni ni mchanga. Maji ukiyamwaga yanazama papo hapo, na mbolea inazama nayo. Mbolea ya chumvichumvi kwenye mchanga mtupu ni fedha inayokwenda chini ya ardhi. Kinachoshika ni mboji, na huku Pwani vitu vyake tunavyo bure: majani ya mwembe, makumbi ya nazi, maganda ya jikoni, samadi ya kuku. Napanga tabaka kwa tabaka, kikavu, kibichi, samadi, maji kidogo, narudia mpaka kimo cha kifua. Katikati nachomeka kijiti kirefu. Siku ya tatu au ya nne nakichomoa na kukishika: kikiwa cha moto mpaka mkono unataka kuachia, lundo linafanya kazi. Kikitoka cha baridi na kikavu, ongeza maji. Kikitoka cha baridi na kinanuka, maji yamezidi, ligeuze na uongeze majani makavu. Kwa joto la Dar, lundo linalogeuzwa kila wiki mbili linakuwa mboji baada ya miezi miwili hadi mitatu. Samadi ya kuku mbichi isiguse mche, inaunguza. Ipitie kwenye lundo kwanza.

Makumbi nayachambua na kuyatandaza kati ya mistari. Yanaoza taratibu, yanashika maji na kuzuia magugu.

Halafu kuna chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na chetu kimo. Utaijua kwa majani yanayoungua kingo, na kwa utando mweupe juu ya tuta likikauka. Maharage, karoti na vitunguu vinaumia haraka, mchicha na spinachi vinavumilia zaidi. Kunyunyiza maji kidogokidogo kila saa kunazidisha, kwa sababu maji yanapaa na chumvi inabaki juu. Ni heri umwagilie kwa wingi mara moja, maji yaisukume chini ya mizizi. Maji ya mvua niliyoyavuna kwenye simtanki nayatunza kwa ajili ya kitalu peke yake, maana mche mchanga hauwezi chumvi kabisa. Hapa ndipo nilipomwelewa bibi zaidi ya alivyosema mwenyewe. Mvua za masika zinaosha chumvi yote iliyojikusanya tangu Desemba. Udongo wa Juni ni mtamu kuliko wa mwezi mwingine, na mtu aliyekwisha kujaza matuta yake Machi hauoni utamu huo.

Mchicha ni wa mwaka mzima, na anayeanza bustani namshauri aanze nao. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo changanya kijiko kimoja na vikombe viwili vya mchanga mkavu ndipo usambaze, la sivyo zinaota rundo mahali pamoja. Sisimizi wanazibeba, nyasi kavu juu na maji jioni vinasaidia mpaka ziote. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa ile iliyobanana kwa ajili ya kula, na iliyobaki unaikata juu ya vifundo ili ichipue tena.

Septemba nyanya zikichoka nang'oa kila shina na kulikung'uta, nakagua mizizi. Mizizi mizuri ni myembamba na imenyooka. Ikiwa na vinundu vilivyovimba mfululizo, hao ni minyoo fundo, na mchanga wenye joto ni nyumba yao wanayoipenda. Tuta la namna hiyo sirudishi nyanya, bamia wala bilinganya. Nalisubirisha hadi Januari, jua la kaskazi likiwaka sawasawa: nalimwagilia hadi lilowe, nalifunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, nafukia kingo zake na kuliacha wiki nne hadi sita. Joto chini ya nailoni linaua minyoo mingi ya tabaka la juu pamoja na mbegu za magugu. Hiyo ndiyo kazi kubwa niliyompa Januari, na tangu nimpe sina ugomvi naye. Kiangazi tunakula kisamvu, mlonge, bamia na majani ya kunde, vitu vinavyolijua jua. Chainizi na giligilani nimeziondoa kwenye orodha ya miezi hiyo.

Vuli siitegemei. Ya 2022 ilikuwa haba, Mto Ruvu ukapungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Ya 2023 ikaja na El Niño, mafuriko kila upande. Nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha napanda kunde na maboga kwa mafungu, fungu moja leo na jingine baada ya wiki mbili, ili likikosa moja lipate jingine. Mwishoni mwa 2022 maji ya kuoshea mboga na mchele ndiyo yaliyobakiza miche yangu ya pilipili hai, na desturi hiyo hatujaiacha nyumbani mpaka leo.

Mbegu natunza Agosti na Septemba. Nachagua shina lililozaa vizuri bila kuugua, naacha matunda mawili matatu yaive kupita kiasi, nayakamua kwenye kopo na kuyaacha yachachuke siku mbili hadi tatu mpaka ule utelezi unaozizunguka mbegu utoke. Naosha, naanika kivulini juu ya ungo, nakung'uta kila siku zisigandane. Zikikauka zinaingia kwenye chupa iliyowekewa majivu makavu chini, juu yake kitambaa, na nje karatasi yenye jina na mwaka. Majirani wameshazoea. Wa mchicha waje wakati wowote na chupa kavu. Wa nyanya wasubiri mwezi wa tisa, nikishatoa kwanza za bibi.